Jozi za maneno ya Kiingereza: tafuta mpaka unapita wapi

*Swali: Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa. Juzi nilimwandikia mteja wa ng'ambo nikimwomba hati halisi ya shehena: "Kindly borrow us the original." Mkubwa wangu aliichapisha barua pepe ile akazungushia "borrow" kwa kalamu nyekundu. Chini yake nilikuwa nimeeleza kwamba dereva "was stolen his phone" na kwamba "he said me" atachelewa. Hayo nayo akayazungushia. Nimepakua orodha ndefu ya maneno yanayokaribiana: borrow na lend, say na tell, rob na steal, shade na shadow, na mengine chungu nzima. Nikiyakariri usiku, asubuhi yameshabadilishana nafasi. Nifanye nini? Binti wa Likoni.*

Wa aleikum salaam, binti yangu. Kwanza iweke kando hiyo orodha, kwa sababu nusu ya tatizo lako inatoka humo. Mwaka 1993 Thomas Tinkham alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa maneno mapya yenye maana za jamii moja, yakifundishwa kwa pamoja, huwa magumu zaidi kushikika kuliko maneno yasiyohusiana. Robert Waring aliurudia utafiti huo kwa wanafunzi wa Kijapani mwaka 1997 akapata matokeo ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo kichwa chako ni kizima. Ukiyaweka "borrow" na "lend" kwenye mstari mmoja na kuyakariri usiku mmoja, unayafunga pamoja kabla hujapata cha kuyatenganisha, na asubuhi unakumbuka kwamba yalikuwa mawili tu, hukumbuki lipi ni lipi.

Nitakalokuomba ushike ni hili. Kila jozi ina mpaka wake. Mpaka unaweza kupita katika mwelekeo wa kitu, au katika nani ametajwa baada ya kitenzi, au katika umbo, au katika cheo cha neno tu. Ukishaujua mpaka, hukariri tena. Na mara nyingi Kiswahili chako kinaujua tayari, ila kimeuweka mwishoni mwa kitenzi, mahali ambapo Kiingereza kinabadilisha neno zima.

Tuanze na lililokuumiza. Sisi husema "nimeazima ngazi kwa jirani", na kesho yake jirani huyohuyo tunamwambia "niazime ngazi". Mzizi ni mmoja, azima, na unatumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Hatupotei kwa sababu "ni-" ya "niazime" inatangaza wazi kwamba ngazi inakuja kwangu. Sasa ukiichukua sentensi hiyo jinsi ilivyo na kuivisha Kiingereza, inatoka "borrow me", kosa linalosikika madarasani kutoka Mombasa hadi Kisumu. Kiingereza hakina kiambishi cha kufanya kazi hiyo. Mwelekeo kimeufungia ndani ya neno lenyewe: "borrow" ni kitu kumjia aliyetajwa kwanza katika sentensi, "lend" ni kitu kumtoka. Basi tazama aliyetajwa kwanza. Kama kitu kinaingia mkononi mwake, andika "borrow". Kama kinatoka, andika "lend". Ukiwa na haraka, jaribu kuweka kukopa na kukopesha mahali pa azima, hata kama kinachoazimwa ni ngazi na haikopeshwi. Panapokubali kukopesha ndipo pa "lend". Kule "-esha" ndiko kunakobeba mpaka.

Lakini hata "lend us" isingekuokoa katika barua ile. Hati halisi ya shehena haiazimwi. Ndiyo inayompa mwenye nayo haki ya kudai mzigo, na ikishakabidhiwa kwa wakala wa meli hairudi. Ulichotaka ni itumwe: "Kindly send us the original bill of lading." Ukitafuta neno, hakikisha kwanza jambo lenyewe ndilo hilo.

Kiingereza nacho kina azima yake. Neno "rent" linakwenda pande zote mbili: mpangaji "rents a room from" mwenye nyumba, na mwenye nyumba "rents a room to" mpangaji. Hapo mpaka umehamia kwenye kile kineno kidogo kinachofuata, "from" au "to", nawe usikiache kikakupita. Ndiyo maana vibao vya nyumba mjini huandikwa "To Let": "let" ni la mwenye nyumba peke yake, sawa na kupangisha. Kwa gari la siku mbili Mwingereza hupenda "hire" na Mmarekani hutumia "rent" vilevile. Hapo hakuna maana iliyobadilika, ni mazoea ya nchi.

"Say" na "tell" utazimaliza leo hii. Kitenzi kuambia hakisimami bila mtu. Huwezi kusema "dereva aliambia kwamba atachelewa" ukaachwa salama; msikilizaji atakuuliza, alimwambia nani? Kusema hakidai mtu, kinadai maneno. "Tell" ni kuambia na "say" ni kusema, karibu kila mahali. "He told me he would be late." "He said he would be late." Ukitaka kumtaja mtu baada ya "say" lazima umtangulizie "to". Na ona jinsi Kiswahili chenyewe kinavyokukataza: ukitia "ni-" ndani ya kusema unapata "alinisema", na sote twajua maana yake. Amenikaripia, au ameniteta nikiwa sipo. Kila mkono unapotaka kuandika "he said me", isikie "alinisema" na mkono utasimama wenyewe. Zipo semi chache ambamo "tell" halimdai mtu, kama "tell the truth" na "tell the time". Zishike jinsi zilivyo.

"Rob" na "steal" zinafuata njia hiyohiyo. Kuiba hufuatwa na kitu, kuibia hufuatwa na mtu. Kinachofuata "steal" ni simu, pesa, betri ya gari. Anayefuata "rob" ni mtu, au mahali kama benki na duka. Kosa linaingia tunapotaka kusema "dereva ameibiwa simu", kwa sababu Kiswahili kinaruhusu mtu na kitu kukaa pamoja baada ya "ibiwa". Kiingereza hakiruhusu. Lazima uchague nani atangulie: "The driver's phone was stolen", au "The driver was robbed of his phone." Sentensi uliyoiandika inasomeka kana kwamba aliyechukuliwa ni dereva. Tena zipime zote mbili. "Rob" linabeba nguvu au vitisho. Kama simu ilichopolewa mfukoni katika msongamano wa feri bila yeye kujua, "stolen" ndilo la haki. Kama alisimamishwa na wenye visu, sema "robbed". Kwenye taarifa ya polisi au ya bima tofauti hiyo haipuuzwi.

Sasa nikupe jambo ambalo litakusaidia kila siku katika kazi yako, na ambalo sijui kwa nini shuleni halitiliwi mkazo. Kiingereza kina jozi nyingi zinazoishia "-er" au "-or" upande mmoja na "-ee" upande wa pili: "employer" na "employee", "payer" na "payee", "lessor" na "lessee", "consignor" na "consignee". Watu huziogopa. Wewe mwenye Kiswahili huna sababu ya kuziogopa, kwa kuwa hiyo "-ee" inafanya kazi ya "-wa" yetu. Mwajiri na mwajiriwa. Mshtaki na mshtakiwa. Mlipaji na mlipwaji. "Consignee" aliyeandikwa kwenye kila hati inayopita mezani kwako ni mpelekewa mzigo. Ukikuta "-ee", jiulize ni nani anayefanyiwa, kisha utie "-wa". Kuna yanayoasi: "refugee" ni mkimbizi, aliyekimbia mwenyewe, na "absentee" ni asiyehudhuria, hakuna aliyemfanyia. Ila katika karatasi za biashara na mikataba kanuni hii haitakuangusha mara nyingi. Lililobaki ni "notify party", naye usimchanganye na "consignee". Huyu ni wa kuarifiwa tu kwamba meli inafika. Kuarifiwa hakumpi haki ya mzigo.

Kuna jozi za namna nyingine, ambazo Kiswahili hakina mpaka kabisa na Kiingereza kinao. Hizi ndizo zinazohitaji jicho. Kivuli ni mfano mzuri kuliko yote. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na kuna siku za Machi na Oktoba ambapo jua la saa sita mchana huwa karibu wima kabisa. Simama uwanjani saa hiyo uangalie chini: kivuli chako kimejikunja miguuni. Hicho ni "shadow", kina umbo la kitu kinacholizuia jua, kinarefuka na kufupika, unaweza kukihesabu. Sasa nenda chini ya mwembe. Pale palipopoa, ulipokimbilia, ni "shade". Hapana umbo, hapahesabiki mtu akasema vivuli viwili. Ni mahali tu jua halifiki. Mtalii ukimwambia "let us sit in the shadow" atakuelewa, lakini maneno yatamtia ubaridi usioukusudia, kwa maana "shadow" katika Kiingereza lina pia giza na tishio ndani yake. "Shade" ni faraja.

Bandari nayo. Sisi tuna neno moja, wao wana "harbour" na "port". "Harbour" ni maji yaliyokingwa, yenye kina na utulivu, ambamo chombo kinapumzika bila kupigwa na mawimbi. Kilindini ilikuwa "harbour" kabla ya kuwekwa hata winchi moja, na jina lake lenyewe linatokana na kilindi. "Port" ni gati, magodauni, forodha, makarani kama wewe. Ndiyo maana inawezekana kuwa na "dry port", bandari kavu, kama ile ya makontena iliyoko Embakasi, Nairobi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Hakuna "dry harbour", kwa sababu ukiondoa maji umeiondoa "harbour" yenyewe. Ukiandika kuhusu ada, foleni na makontena, neno lako ni "port". Ukieleza kina cha maji na mlango wa kuingilia meli, ni "harbour".

Kwa mkono na mguu nitapita haraka, ila yaangalie sana mtu anapoumia kazini. Mkono wetu unaanzia begani hadi kwenye vidole. Kiingereza kinaukata kwenye kifundo, juu "arm", chini "hand". Mguu vilevile, "leg" na "foot". Vidole vya mkononi ni "fingers" na vya mguuni ni "toes". Mpagazi aliyevunjika mfupa juu ya kiwiko ukamwandikia "broken hand", daktari na kampuni ya bima watasoma jeraha jingine.

Yako maneno ya kazi yako ambayo hata wenye Kiingereza cha kuzaliwa huyachanganya, kwa kuwa hayajui ila aliye ndani ya kazi. "Demurrage" na "detention" zote ni pesa ambazo kampuni ya meli hudai kontena likicheleweshwa, na mteja akiona bili atakuuliza tofauti. Mpaka ni geti. Kontena likikaa ndani ya bandari baada ya siku za bure kwisha, hiyo ni "demurrage". Likishatoka getini na mteja akachelewa kulirudisha tupu, hiyo ni "detention". Ada ya kuhifadhi inayodaiwa na bandari yenyewe ni ya tatu, "storage", na mtu anaweza kuangukiwa na hiyo pamoja na "demurrage" kwa siku zilezile. Baadhi ya kampuni huziunganisha mbili za kwanza kuwa hesabu moja, kwa hiyo soma masharti ya kampuni husika kabla hujamjibu mteja. Na "freight": wengi hulichukua kuwa ni "cargo" tu, mzigo. Mara nyingine ndivyo. Lakini kwenye hati ya shehena palipoandikwa "freight prepaid" ni nauli inayozungumzwa, kwamba imeshalipwa. Ukilitafsiri hapo kama mzigo umelipiwa, mteja anaweza kudhani bei ya bidhaa imelipwa, na hapo ugomvi hauko mbali.

Jozi ya "come" na "go" hukuitaja, nami nakuongezea, maana unapokea wageni ofisini. Sisi tukiinuka kwenda nje kidogo humwambia mgeni "nakuja". Ni adabu, na Mswahili anaelewa kwamba atarudiwa. Kiswahili hapo kinatazama kule kurudi. Kiingereza kinatazama hatua ya kwanza, inaelekea wapi. Ukimwambia mgeni "I'm coming" huku unampa mgongo, atabaki anakukodolea macho. Sema "I'll be right back". Lakini akikupigia simu kuuliza uko wapi, nawe uko njiani kumfuata, "I'm coming" ni sahihi, kwa kuwa unaelekea alipo yeye. Kuleta na kupeleka zinalingana na "bring" na "take" bila taabu, kwa hiyo usipoteze muda nazo. Wala kusikia na kusikiliza, kuona na kutazama. "Hear" na "listen", "see" na "look" zimekatwa palepale tulipokata sisi.

Mwisho kuna kundi ambalo watu hutafuta tofauti ya maana nalo halina, au inayo kidogo mno. "Begin" na "commence", "buy" na "purchase", "help" na "aid", "freedom" na "liberty". Hapa lazima ujue historia kidogo. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza akiwa na watu wake waliosema Kifaransa, na kwa muda mrefu baadaye Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Ilipofika 1362 ndipo Bunge lilipopitisha sheria kwamba mashauri yazungumzwe kwa Kiingereza, na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Watu wa kawaida waliendelea na maneno yao, yale ya Kifaransa yakakaa juu yake, na mpaka leo neno la asili ni la nyumbani na la kuja ni la ofisini. Ng'ombe akiwa zizini ni "cow", akifika mezani ni "beef". Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Ingawa wapishi wenye asili ya Bara Hindi hulitumia "mutton" kwa mbuzi pia, kwa hiyo ukitafsiri menyu ya hoteli muulize mpishi kwanza.

Wanasheria nao walizoea kuyaweka maneno ya pande mbili bega kwa bega, kama "will and testament" na "goods and chattels". Ukikutana nayo usitoke jasho kutafuta maneno mawili ya Kiswahili. La kwanza ni wasia tu. Sisi wa pwani hatuna haki ya kushangaa, kwani tuna mwisho wa Kibantu na hatima ya Kiarabu, na kila mtu anajua barabara ina mwisho lakini hatima ni ya mwanadamu. Katika jozi za aina hii mpaka ni cheo cha neno. Barua ya kawaida kwa mteja itapendeza zaidi na "begin" na "buy". "Commence" na "purchase" ziachie mkataba.

Sasa kuhusu namna ya kujifunza. Chukua neno moja la jozi, siyo yote mawili, na liandike ndani ya sentensi uliyoihitaji kweli kazini, yenye mteja wa kweli na mzigo wa kweli. Litumie mpaka likuzoee. Mwenzake atakuja baadaye, wiki nyingine, na sentensi yake. Pembeni ya kila sentensi andika kwa Kiswahili nani anatoa na nani anapokea, au nani anafanya na nani anafanyiwa. Zile zinazofanana kwa tahajia tu, kama "stationary" na "stationery" au "principal" na "principle", ziangalie kwenye kamusi kila unapoziandika. Hazina mpaka wa kufikiria, zina herufi tu.

Anza na hii, kwa kuwa katika kazi yako inaweza kuleta hasara: "ensure", "assure" na "insure". Kuhakikisha jambo ni "ensure". Kumhakikishia mtu ni "assure", na unaona ile "-ia" imerudi tena na mtu wake. Kukatia bima ni "insure", ingawa Wamarekani huliandika hilo hata kwa kuhakikisha. Usimwandikie mteja "we will insure your cargo until delivery" ukiwa na maana kwamba mtauangalia mzigo vizuri. Ataisoma kwamba mmeukatia bima, na siku kontena likifika limelowa maji atawaletea barua hiyo.